Tuta la Nyuma ya Karakana

Mama Chiriku alikuwa na kisu kimoja cha kukatia mchicha, na hakumwazima mtu. Kila asubuhi alikinoa juu ya jiwe, akainama, akakata. Alikata juu, vidole vinne kutoka ardhini. Hakung'oa hata siku moja.

"Anayeng'oa anakula mara moja," alikuwa akisema. "Anayekata anakula mpaka achoke."

Na kweli, mchicha wake ulichipua tena baada ya siku chache, kama vile haukukatwa. Wakulima wenzake walimsifu kwa kisu hicho. Mimi nakitaja mapema kwa sababu ndicho kilichomficha ukweli.

Matuta yake yalikuwa sita. Matano yalikuwa mbele ya nyumba. Hayo yalikuwa ya kawaida tu, leo mazuri, kesho yamenyauka. La sita lilikuwa nyuma, limeegemea ukuta wa karakana ya mumewe. Hilo ndilo lilikuwa fahari yake. Majani yake yalikuwa mapana, kijani kilichokolea. Jua la kiangazi likiwaka mpaka kuku wanatweta, tuta la nyuma halikujua kiu. Sokoni wateja walimuuliza kabla hata hajatua beseni, "Leo umeleta yale ya nyuma?"

Mumewe alikuwa fundi betri. Watu walimletea betri za magari zilizokufa. Alizipasua, akatoa mabamba ya kijivu ya madini ya risasi, akayayeyusha kwenye jiko la mkaa ili ayaunde upya. Makasha ya betri aliyasuuza kwa maji. Maji yale yalipita chini ya ukuta, yakaenda kwenye tuta la nyuma. Ndiyo maana halikujua kiu.

Na majivu ya jiko lile nayo hayakupotea bure. Viwavi walipouvamia mchicha, Mama Chiriku alifanya kama alivyomwona mama yake akifanya. Alinyunyiza majivu juu ya majani. Ila mama yake alitumia majivu ya kuni. Yeye alichota yaliyokuwa karibu.

"Haya ya karakana yatafaa?" alimuuliza mumewe.

"Majivu ni majivu, Mama Chiriku," alijibu fundi.

Viwavi walikufa wote. Wakafurahi.

*

Chiriku ndiye binti yao wa kwanza. Jina lake la cheti lipo, lakini hakuna aliyelitumia; walimwita kwa jina la yule ndege asiyenyamaza. Alianza kusema mapema, na alipoanza hakunyamaza. Alipotimiza miaka mitatu alikuwa anakaa sokoni kando ya beseni la mama yake, anawaita wapita njia.

"Shangazi! Mbona unapita kama hunioni? Mchicha unakuangalia!"

Watu walicheka, wakanunua. Jirani yao mmoja, mama mshonaji, alikuwa akisema, "Huyu si mtoto, ni redio iliyokosa kitufe cha kuzimia." Mshonaji alikuwa na watoto watatu, na alinunua mafungu mawili kila siku.

Maneno ya Chiriku hayakuisha siku moja. Kwanza alilalamika tumbo. Kisha akawa anachoka, anaacha mchezo, anakaa. Halafu akaanza kutafuta maneno. Alitaka kijiko, akakinyooshea kidole, akalia kwa hasira kwa sababu jina la kijiko halikuja. Alipofika miaka mitano, mtoto aliyekuwa anahesabu mafungu mpaka ishirini alikwama kwenye nne.

"Atakua tu," alisema fundi betri. "Watoto wana misimu yao."

Mama Chiriku alimbeba mgongoni mtoto wake wa pili, aliyekuwa bado mchanga, akamshika Chiriku mkono, akaenda zahanati. Muuguzi alimtazama Chiriku ndani ya macho na kwenye viganja.

"Damu yake imepungua," alisema. "Mpe mboga za majani kwa wingi."

Mama Chiriku nusura acheke. Mboga? Yeye akose mboga? Alirudi nyumbani amefarijika. Tangu siku hiyo, fungu la kwanza kutoka tuta la nyuma halikwenda sokoni. Alilipika kwa ajili ya Chiriku. Alimpa mboga, na yale maji ya kuchemshia akayamimina kikombeni. Mtoto alikataa. Mama alimshika kidevu.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa upate damu."

Alimnywesha hivyo kwa miezi minne. Kikombe kile bado kipo. Alishindwa kukitupa na anashindwa kukitazama.

*

Siku Chiriku alipoanza kutapika na kupepesuka, walimkimbiza hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Aliuliza maswali ya kawaida. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Baba wa mtoto anafanya kazi gani?"

"Ni fundi betri, daktari."

Daktari aliweka kalamu chini. "Anafanyia wapi?"

"Nyumbani. Karakana iko uani."

Damu ilichukuliwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili, mume na mke, akafunga mlango.

"Mtoto ana madini ya risasi kwenye damu," alisema. "Yale yale ya kwenye betri. Mwilini hayana kazi yoyote, na hakuna kiwango kilicho salama. Kipimo kikifika tano tu, tunaanza kutafuta yametoka wapi. Huyu ana sitini na nane."

Fundi betri alitazama mikono yake.

"Hashiki betri, daktari," alisema. "Nimemkataza tangu zamani. Hata mlangoni hafiki."

"Basi anaipata kwa njia nyingine. Vumbi linaloingia na nguo zako. Moshi. Udongo. Chakula."

"Chakula chetu ni safi," alisema Mama Chiriku haraka. "Mboga nalima mwenyewe."

Daktari alimgeukia. "Unalima wapi, mama?"

Chiriku alilazwa. Alipewa dawa ya kutoa ile risasi kwenye damu. Mtoto mchanga naye alipimwa. Yeye alikuwa na kiasi kidogo, kwa sababu alikuwa bado hajaanza kutambaa wala kula. "Huyu mmemuwahi," alisema daktari. Juu ya Chiriku hakusema hivyo. Mama Chiriku alisubiri aseme. Hakusema.

*

Baada ya siku mbili bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alifika nyumbani. Alikuwa mwembamba, amevaa buti za mpira, ana mfuko wa turubai begani. Hospitali ndiyo iliyomwomba aje. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakataa kiti.

"Nionyeshe bustani kwanza, dada yangu. Kiti nitakikalia baadaye."

Mama Chiriku alimpeleka nyuma. Mchicha ulikuwa umesimama, kijani kimekolea. Moyo wake ulimwambia, tazama, hapa pana ubaya gani?

"Bibi shamba, mimi nimelima miaka tisa," alisema. "Mmea ukiwa na sumu unanyauka. Unageuka njano. Mboga haisemi uongo."

"Ng'oa mmoja," alisema bibi shamba.

"Ning'oe?"

"Na mizizi yake."

Mama Chiriku alishika shina. Akaliachia. Kwa miaka yote tisa hakuwahi kung'oa mche uliokua. Bibi shamba akamwambia aanze na tuta la mbele. Mche ule mdogo ulishikilia ardhi kwa nguvu. Ulipotoka, ulitoka na mizizi mirefu, myeupe, yenye nyuzinyuzi nyingi. Kisha wakarudi nyuma. Mchicha mnene, mzuri, ulitoka kwa mvuto mmoja, kama kijiti kilichochomekwa mchangani. Mizizi yake ilikuwa mifupi, minene, ya rangi ya kahawia. Nyuzinyuzi hazikuwepo.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema bibi shamba taratibu. "Mmea wako ulikuwa unalia siku zote. Ila ulikuwa unalia chini, na wewe unakata juu."

Mama Chiriku alikaa chini, pale pale kwenye udongo. Bibi shamba alimshika bega, akamwinua.

"Hapo usikae. Na kanawe mikono kwa sabuni. Twende kwenye kivuli nikueleze."

Walikaa mlangoni. Fundi betri alisimama, ameegemea ukuta.

"Mzizi unakunywa maji," alianza bibi shamba. "Ndani ya maji mna virutubisho. Mmea unavihitaji, kwa hiyo umeviwekea milango. Risasi inapenya kwenye milango hiyo hiyo. Ina ndugu zake wengine, na zote tunaziita metali nzito. Moja inaitwa kadimiamu. Hiyo hupanda mpaka kwenye majani kirahisi kuliko risasi."

"Sasa kwa nini haunyauki?" aliuliza Mama Chiriku.

"Wewe ukiona moto utakimbia. Mmea utakimbilia wapi? Umefungwa pale ulipoota. Basi unajikinga. Sumu nyingi unaizuia kwenye mizizi. Ile inayopita ikapanda juu, unaisukumia kwenye vijighala vidogo vidogo ndani ya jani, isiguse sehemu zinazofanya kazi. Kwa hiyo jani linabaki kijani. Mmea umejiokoa wenyewe. Haukuwa na kazi ya kukuokoa wewe."

Bibi shamba aliuliza, "Ulipoanza kupanda pale nyuma, mbegu ziliota zote?"

"Nusu zilikufa. Nikadhani ni mbegu mbovu. Nikachukua mbegu za ile miche iliyobaki, nikapanda hizo. Mwaka uliofuata zikaota vizuri zaidi."

"Na mwaka uliofuata tena?"

"Vizuri zaidi." Sauti yake ilififia. "Watu walikuja kuniomba mbegu."

"Ulikuwa unachagua mimea inayovumilia sumu. Msimu baada ya msimu. Hukujua, dada yangu, lakini ndiyo kazi uliyoifanya."

Fundi betri alikohoa. "Na maji ninayosuuzia makasha?"

"Maji ya betri yana tindikali. Tindikali inaifungua risasi kutoka kwenye udongo, mizizi inainywa kama uji. Je, kuna kingine mlichotia?"

Mume na mke walitazamana. Mama Chiriku ndiye aliyesema. "Majivu. Ya jiko lake. Juu ya majani, kwa ajili ya viwavi."

Bibi shamba alifumba macho kidogo. "Hayo hayakuhitaji hata mzizi," alisema.

"Lakini nilikuwa naziosha! Maji matatu, bibi shamba! Nazichemsha mpaka zinalainika!"

"Kuosha kunatoa vumbi la juu, na ni vizuri uoshe. Kilichomo ndani ya jani hakitoki kwa kuosha. Moto nao haukiui, kwa sababu si mdudu. Ukichemsha, kingine kinabaki kwenye mboga, kingine kinahamia kwenye maji."

Alipotaja maji, Mama Chiriku alitoa sauti ambayo mumewe hajaisahau. Ilikuwa sauti fupi tu. Kisha alifunika uso kwa kanga, na bibi shamba akaacha kueleza.

*

Bibi shamba alichukua udongo na majani, akapeleka maabara. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Tuta la nyuma lilikuwa limejaa risasi. Majani yake yalikuwa nayo hata baada ya kuoshwa. Matuta ya mbele yalikuwa na afadhali, lakini nayo yalizidi kiwango, maana vumbi na moshi havina mipaka.

Siku ile walitupiana lawama. "Ni karakana yako!" alisema mke. "Na mkono uliomnywesha ni wa nani?" alijibu mume. Yalikuwa maneno mawili tu, lakini yalitosha kwa ndoa nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao kiliwatoka uani kwao wenyewe. Fundi betri alikwenda karakana, akazima jiko, akakaa kati ya betri mpaka saa za kula zikapita. Alipotoka alisema, "Nisamehe. Ni mimi niliyesema majivu ni majivu." Mkewe alimsamehe baadaye. Kujisamehe mwenyewe, bado.

Kazi ngumu kuliko zote ilibaki ya sokoni. Mama Chiriku alikwenda na beseni tupu. Alisimama pale pale alipouzia miaka tisa, akawaambia wateja mmoja mmoja. Wengine hawakuamini. "Tumekula na hatujafa," alisema mmoja. Mwingine alimwita muuaji, akatema mate. Mama mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. Hakutukana. Aliacha cherehani yake wazi, nguo ya mtu ikining'inia kwenye sindano, akaenda kuwachukua watoto wake watatu kuwapeleka kupimwa. Mmoja, yule mdogo, alikutwa na ile risasi kwenye damu. Tangu hapo mshonaji alipita upande wa pili wa soko. Mama Chiriku hakumlaumu.

Mume na mke nao walibadilika. Bibi shamba aliwaonyesha namna, wakafuata. Mchicha wa nyuma, na hata wa mbele, waliung'oa wote pamoja na mbegu zilizohifadhiwa. Hawakuuchoma, kwa sababu moshi ungerudisha sumu hewani. Hawakuwapa mbuzi wa jirani. Waliufunga kwenye mifuko, watu wa idara ya mazingira wakaja kuuchukua.

"Si nasikia ipo mimea ya kusafisha udongo?" aliuliza fundi betri. "Tupande hiyo."

"Ipo. Inavuta metali, kisha inakatwa na kupelekwa mbali. Lakini risasi ni nzito kuvuta. Kwa tuta hili, wewe utazeeka na mimi nitazikwa kabla haijaisha. Lifukie."

Wakalifukia. Walileta udongo safi kutoka mbali, wakauweka mnene, wakapanda nyasi juu yake ili vumbi lisipeperuke. Fundi betri alihamisha kazi, akaenda eneo la viwanda, mbali na nyumba za watu, penye mtaro wa kukusanya maji machafu. Aliacha kuyeyusha. Betri kuukuu sasa anazipeleka kwenye kiwanda chenye vifaa. Nguo za kazi zinabaki kazini. Anaoga huko huko kabla ya kumshika mtoto.

Mama Chiriku alipata kipande cha ardhi karibu na shule. Safari hii hakuutazama udongo kwa macho. Aliupima kwanza. "Hata mizizi mizuri si hakikisho," bibi shamba alimwonya. "Hakikisho ni maabara." Alitia samadi na mbolea ya mboji, akainua matuta. Pembeni alipanda nyanya na bamia, kwa sababu matunda ya mimea hukusanya metali kidogo kuliko majani na mizizi. Mchicha wake wa sasa ni mwembamba kuliko ule wa zamani. Wateja wengine humwambia usoni, "Yale ya nyuma yalikuwa mazuri zaidi." Naye hueleza tena, mwanzo mpaka mwisho. Hachoki kueleza. Pengine ndiyo adhabu aliyojipa.

Damu ya Chiriku ilipimwa tena na tena. Sitini na nane ikawa arobaini. Arobaini ikawa thelathini na moja. Baada ya mwaka na nusu ilifika ishirini na mbili. Tumbo liliacha kuuma. Rangi ilirudi viganjani. Alikula, akalala, akanenepa. Watu walimpongeza mama yake.

"Na maneno, daktari?" aliuliza Mama Chiriku. "Maneno yatarudi lini?"

Daktari hakumficha. "Mengine yatarudi. Yote, sidhani. Risasi tumeipunguza kwenye damu. Ilichoharibu kichwani hatuna dawa ya kukirudisha. Mzungumzishe kila siku. Mpe muda."

Wanampa muda. Chiriku ana miaka saba sasa. Anakaa sokoni kando ya beseni, anafunga mafungu kwa uzi. Mafungu yake ni safi, yamelingana. Hawaiti wapita njia.

Mdogo wake ndiye anayewaita. Ana miaka miwili, na hanyamazi. Juzi alimshika mteja nguo, akasema, "Mchicha! Mchicha! Nunua!" Watu wakacheka. Mama mshonaji alikuwa anapita. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alivuka akaja upande huu. Alimtazama mtoto, akatabasamu.

"Ee! Tumepata Chiriku mwingine!"

Mama Chiriku aliacha kupunguza mashina, akaweka kisu chini.

"Chiriku ni yule pale," alisema. "Huyu mtafutieni jina jingine."

Chiriku aliinua uso aliposikia jina lake. Alimtambua mshonaji. Alifungua mdomo kumwamkia, akalitafuta neno. Wote walisubiri. Mteja mmoja alichukua fungu lake akaondoka, kisha mwingine. Mshonaji alisubiri kidogo zaidi, akafuta macho, akaaga. Mama Chiriku alibaki amemwinamia binti yake, anasubiri.